Quartzsite, Kituo cha Wazee Jangwani

Baina ya Phoenix na Los Angeles, upande wa magharibi wa jimbo la Arizona, njia kuu hushuka katika bonde pana la changarawe na miti ya miiba, si mbali na mto Colorado, ambamo mvua ya mwaka mzima haitoshi kuotesha mtama, na jua la Julai hupandisha joto kupita nyuzi 45. Na hapo, mahali ambapo msafiri mwenye haraka asingedhani pana la kumsimamisha, pana mji uitwao Quartzsite, ambao hesabu ya watu ya mwaka 2020 ilikuta wakazi wasiotimia 2,500, lakini ambao kila mwaka, majira ya baridi yaingiapo, huzungukwa na kambi za watu maelfu kwa maelfu, aghalabu wazee waliokwisha kustaafu, waliokimbia theluji ya Minnesota, ya Montana, na hata ya Kanada.

Msomaji wa pwani yetu hatastaajabu sana, maana wazee wetu walizoea kuona majahazi ya Maskati na Kuwait yakiingia kwa kaskazi na kurejea kwa kusi, na miji ya Lamu na Unguja ikifura na kunywea kwa kufuata upepo. Ila wale walikuja kwa tijara, na hawa huja kukaa kitako. Jambo la kuulizwa basi ni hili: mahali ambapo kila kiumbe alipita mbio kwa kuhofia kiu, pamekuwaje maskani ya starehe?

Mwanzo wake ni kisima. Yasemwa kwamba Charles Tyson alijenga hapo ngome ndogo mnamo 1856, na baadaye magari ya farasi yaliyochukua abiria na barua kutoka Ehrenberg, kwenye ukingo wa Colorado, kwenda Prescott, yakapafanya kituo cha kunywesha wanyama. Watu walisimama kwa dharura, wala si kwa kupapenda. Martha Summerhayes, mke wa afisa wa jeshi, aliyepita hapo katika miaka ya 1870 na kuandika habari za safari zake katika kitabu kilichotoka mwaka 1908, alipaona kuwa mahali pa huzuni na uchafu, pasipo hata chembe ya ukaribisho. Dhahabu ya milima ya jirani iliwaleta wachimbaji, kisha ikawaondoa.

Katika watu waliobaki alikuwamo mmoja ambaye tarikhi yake yastahili kusimuliwa kwa kituo. Mwaka 1855 Kongresi ya Marekani, kwa kushawishiwa na Jefferson Davis, Waziri wa Vita wa wakati ule, iliidhinisha dola 30,000 za kununulia jeshi ngamia, kwa hoja kwamba nchi zilizotwaliwa kutoka Meksiko zilikuwa kame mno kwa farasi na nyumbu. Meli iitwayo Supply ikazunguka bandari za Bahari ya Mediterania, na Mei 1856 ikateremsha ngamia 34 katika pwani ya Texas. Wengine 41 wakafuata mwaka wa pili. Pamoja na wanyama walikuja wachungaji kutoka Dola ya Uthmaniya, na miongoni mwao Hadji Ali, mtu ambaye babake, kama inavyohadithiwa, alikuwa wa Sham na mamake Myunani, na ambaye Wamarekani, kwa uzito wa ndimi zao, walimwita Hi Jolly.

Mwaka 1857 Edward Beale, aliyepewa kazi ya kupasua njia mpaka mto Colorado, alichukua ngamia 25, na taarifa zake zimejaa sifa: walikula miiba ambayo nyumbu waliikataa, walichukua mizigo mizito bila ya kunung'unika (hapa mwenye kumjua ngamia atakuwa na shaka yake), na kwenye mto wakaogelea salama. Lakini farasi na nyumbu walikurupuka kwa harufu yao, askari hawakutaka kujifunza adabu ya kumtunza mnyama mgeni, na mwaka 1861 vita vya wenyewe kwa wenyewe viliposhika, hakuna aliyekuwa na nafasi ya kufikiri habari za ngamia. Wakauzwa mnadani. Hadji Ali akajaribu kuchukua mizigo kwa ngamia wachache baina ya mto na machimbo, biashara ikamshinda, akawaachilia huru. Na kwa miaka mingi wachimbaji walihadithiana habari za viumbe virefu walivyovikuta nyikani usiku. Mwaka 1880 Hadji Ali alipata uraia kwa jina la Philip Tedro, akaoa huko Tucson, akalitumikia jeshi, akatafuta madini asiyatajirikie, na Desemba 1902 akafia Quartzsite.

Mwaka 1935 Idara ya Njia Kuu ya Arizona ilijenga juu ya kaburi lake piramidi ya mawe yenye sanamu ya ngamia kileleni. Na Agosti ya mwaka huohuo, huko Washington, Rais Roosevelt alitia sahihi sheria ya malipo ya uzeeni, ambayo malipo yake ya kwanza ya kila mwezi yalitolewa mwaka 1940. Mambo haya mawili hayakupangwa pamoja, lakini mimi siwezi kuyatenga: katika mwaka mmoja mzee aliyemaliza umri wake akichakura mawe apate riziki alijengewa kaburi la heshima, na wazee waliokuja baada yake wakaandikiwa riziki ya kuwatosha kuchakura mawe kwa furaha tu.

Yaliyosalia ni habari za magurudumu na barabara. Sheria ya mwaka 1956 ilileta njia kuu pana za kuunganisha majimbo yote, na viwanda vikazidi kutengeneza nyumba za kukokotwa na gari. Wally Byam, mwenye kiwanda cha Airstream, alitaka watu waamini kwamba nyumba hizo zingeweza kufika popote, hata akaongoza msafara wake mwaka 1959 kutoka Cape Town kwenda Cairo. Mwaka 1967 watu wa Quartzsite walifanya soko lao la kwanza la vito na madini, wakagundua kuwa mawe yaliyokataa kuwatajirisha babu zao yangeweza kuuzwa kwa wageni. Wageni wakawa wengi mno, jangwa likaanza kukatika kwa nyayo za magari, na mwaka 1983 serikali, ambayo ndiyo mwenye ardhi, ikatenga viwanja vya makao marefu. Kibali cha kukaa humo ni cha kuanzia 15 Septemba hadi 15 Aprili, na katika eneo la La Posa, kusini ya mji, maji na mahali pa kumwagia taka vimo katika bei yake.

Siku ya mzee na mkewe katika kambi hizo haina amri. Huamka jua likisha kupasha changarawe joto, hunywa kahawa nje wakiwa na makoti, kisha hushuka sokoni, ambako bibi huinua akiki moja baada ya moja kuiangalia dhidi ya nuru, na bwana hubishana na mchuuzi juu ya bei ya kipande cha mti uliogeuka jiwe, bila ya haja ya kukinunua. Adhuhuri hupita kaburini kwa Hadji Ali. Wakijisikia nguvu, huvuka mto wakaenda kaskazini ya Blythe kuangalia michoro mikubwa ya watu na wanyama iliyochorwa kwa kukwangua mawe meusi ya juu mpaka udongo mweupe ukaonekana, umbo moja la mtu likiwa na urefu upatao mita 52. Wamohave na Waquechan husema huyo ni Mastamho, muumba. Rubani aliyeiona kutoka angani katika miaka ya 1930 ndiye aliyeitangaza kwa ulimwengu, ingawa wenyewe hawakuwa wamepoteza kitu. Magharibi wazee hurejea, kila mmoja hubeba kiti chake mpaka kwenye moto wa jirani, na mazungumzo huwa ya njia, dawa na wajukuu.

Walakini si wote walioketi kando ya moto huo wanaostarehe. Tangu msukosuko wa mikopo ya nyumba wa mwaka 2008, wameongezeka wasio na nyumba ya kurejea, ambao pensheni yao haitoshi kodi ya mjini, na kwao lile gari ndilo makazi. Aprili wenzao wakielekea kaskazini kwa wajukuu, hao hushika njia ya kambi za misitu, wakaandikishe wageni na kusafisha vyoo kwa ujira mdogo, na vuli huenda North Dakota kuvuna viazisukari, mpaka baridi iwarudishe Quartzsite.