Ndai Yako Inakwaruza Bampu? Soma Hii Kabla Fundi Aiinue na Springi

Kama unaendesha Vitz, Demio ama Fielder na unaishi Kawangware, hiyo sauti unaijua. Umebeba wasee watatu nyuma, unavuka bampu polepole, halafu "krrrr!" chini ya miguu. Naivasha Road ni lami, sawa, lakini ukikata kuingia ndani Gatina ama Kabiria unapatana na mawe, mitaro na bampu za kujijengea.

Hizi gari za kutoka Japani zilitengenezewa barabara laini. Vitz nyingi tumbo iko kama milimita 140 tu juu ya ardhi, na hapo haijabeba mtu. Ndio maana fundi wa mtaa kila wiki anaambiwa, "Buda, niinulie kidogo."

Kuinua si makosa. Noma iko kwa vile inafanywa. Springi ndiyo inabeba uzito wa gari, na ikichezewa vibaya haiharibu ndai tu. Inaweza kuua fundi, ama ikuue wewe ukiwa mbio Waiyaki Way.

1. Pima kwanza, pengine imechoka tu

Springi ya miaka mingi hulala. Egesha gari mahali tambarare, upime kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa fenda juu yake. Fanya hivyo pande zote nne. Kama kushoto na kulia hazilingani, ama nyuma imekaa chini kama imebeba cement, hauhitaji kuinua. Unahitaji springi mpya za saizi ya kampuni, na kimo kitarudi chenyewe. Nunua mbili za mbele ama mbili za nyuma pamoja, usiweke moja.

2. Springi ama spesa?

Spesa ni kile kipande cha chuma ama raba kinachowekwa juu ya strati. Ni bei rahisi na gari inapanda, lakini springi inabaki ile ile iliyochoka. Tena gurudumu likishuka kwa shimo, linashuka chini kuliko ilivyopangwa, kwa hivyo boljointi, sivijointi na paipu ya breki zinavutwa. Springi ndefu kidogo na ngumu kidogo inainua na pia inabeba mzigo.

Zile raba za kusukumwa katikati ya springi? Achana nazo. Zinazuia sehemu ya springi kufanya kazi, uzito unaangukia sehemu iliyobaki, na siku moja inakatika.

Kuna wenye huweka tairi kubwa. Jua hesabu yake: tairi ikiongezeka milimita 28 kutoka juu hadi chini, gari inapanda 14 pekee, yaani nusu. Na ukikata kona inaweza kugusa fenda.

3. Inchi moja inatosha

Kwa gari ndogo, usipite inchi moja, yaani milimita 25 hivi. Shoki haijaongezwa urefu, so ukiinua sana inakaa karibu na mwisho wake na inagonga "ko!" kila shimo. Pia gari ikienda juu, uzito unaenda juu. Kona uliyokuwa unakata fiti na 80 inaweza kukupindua.

4. Hapa ndipo watu huumia

Springi kwa strati imekandamizwa. Ukifungua ile nati ya juu kabla ya kuibana, inaruka kama risasi na kichwa cha fundi kiko hapo hapo. Lazima kuwe na vibanio viwili vya springi, kimoja kila upande, vikikazwa zamu kwa zamu na spana ya mkono. Waya, kamba ama kukalia springi si kifaa.

Gari ikae juu ya stendi, mahali tambarare. Mawe hapana, na jeki peke yake hapana, hata kama ni ya dakika tano.

Kitu kingine mafundi wengi huruka: bolti za bushi zikazwe mara ya mwisho gari ikiwa imeshuka kwa magurudumu yake. Ukizikaza magurudumu yakining'inia, bushi inakaa imejipinda na itachanika mapema.

5. Ukitoka hapo

Nenda alaimenti siku hiyo hiyo. Ukiinua gari magurudumu yanabadilisha mkao, na tairi mpya italika upande mmoja kabla ujue. Shusha taa pia, la sivyo unawapofusha wenye wanakuja mbele. Kata usukani kushoto hadi mwisho, kisha kulia, uangalie kama paipu ya breki imevutika. Baada ya wiki moja, rudisha gari bolti zikaguliwe.

Ambia kampuni yako ya bima umebadilisha nini. Na kama ni gari ya biashara, kumbuka inakaguliwa na NTSA kila mwaka.

Sasa ukifika kwa fundi, kabla ya kuuliza bei, muulize swali moja: "Vibanio vya springi viko wapi?" Akikuonyesha, kaa chini muongee. Akianza kutafuta waya, chukua ufunguo wako ujitoe pole pole. Heri ukwaruze bampu miezi miwili ukitafuta doh ya springi, kuliko mtu azikwe juu ya inchi moja.