Ugawaji wa mipaka ya maeneo bunge nchini Kenya

Ugawaji wa mipaka ya maeneo bunge nchini Kenya ni jukumu la Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC) chini ya Kifungu cha 89 cha Katiba ya 2010. Katiba hiyo iliongeza maeneo bunge kutoka 210 hadi 290 na kuagiza mipaka ipitiwe upya kila baada ya miaka 8 hadi 12. Wadi, ambazo ni 1,450, hupangwa ndani ya maeneo bunge hayo.

Vigezo

Kigezo kikuu ni idadi ya watu. Wakazi wote wa nchi hugawanywa kwa 290 ili kupata wastani, ambao kwa sensa ya 2009 ulikuwa watu 133,138. Eneo bunge laweza kuuzidi au kuupungukia kwa asilimia 30. Katika majiji na sehemu zenye wakazi wachache, kwa asilimia 40. Nafasi hiyo huiwezesha tume kuzingatia sura ya nchi, njia za mawasiliano na mafungamano ya jamii. Katika mapitio ya kwanza, Katiba ilikataza kufuta eneo bunge lililokuwapo. Ndiyo maana Lamu Mashariki, yenye watu takriban 22,000 kwa sensa ya 2019, ilisalia, huku Embakasi jijini Nairobi ikigawanywa kuwa maeneo bunge matano na Nyali ikimegwa kutoka Kisauni, Mombasa.

Ushirikishaji wa umma

Tume hutoa ripoti ya awali, hupokea memoranda na kusikiliza wananchi. Mara nyingi ubishi huwa juu ya kata ndogo moja kupelekwa wadi jirani, au jina la wadi. Wabunge hutoa maoni yao, lakini uamuzi ni wa tume. Mipaka ikishachapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, asiyeridhika ana siku 30 za kwenda Mahakama Kuu, nayo huamua ndani ya miezi 3. Mwaka 2012 kesi zilizidi 100, na mahakama ikarekebisha baadhi ya mipaka na majina.

Hali ilivyo

Mapitio yaliyofuata yale ya 2012 yalipaswa kukamilika kufikia Machi 2024. Hayakufanyika, kwani tume haikuwa na makamishna kuanzia Januari 2023 hadi Julai 2025. Mapitio yanayokamilika ikiwa imesalia chini ya miezi 12 kabla ya uchaguzi mkuu hayatumiki katika uchaguzi huo. Chaguzi za 2013, 2017 na 2022 zote zilifanyika kwa mipaka ya 2012.