Somo la Uimbaji Pasipo Kinanda

Mwalimu wa uimbaji asiyekimudu kinanda huhesabiwa mara nyingi kuwa mwalimu nusu. Historia ya nota za sol-fa inatoa sababu ya kuitilia shaka hukumu hiyo.

Mwaka 1841, mkutano wa walimu wa shule za Jumapili mjini Hull, Uingereza, ulimpa mchungaji kijana, John Curwen, kazi ya kutafuta njia nyepesi ya kufundisha uimbaji. Curwen hakuwa mwanamuziki wa kusomea, na nota za mistari zilimtatiza yeye mwenyewe. Msaada aliupata katika kitabu cha Sarah Glover, mwalimu wa Norwich, kilichochapishwa mwaka 1835. Glover alizichukua silabi za kale, akageuza si kuwa ti, ili kila silabi ianze kwa herufi yake pekee.

Curwen aliirekebisha mbinu hiyo na kuieneza. Ukutani ilitundikwa chati yenye silabi zilizopangwa kama ngazi. Mwalimu alionyesha kwa fimbo, darasa likaimba. Do haikufungwa mahali pamoja. Ilianzia popote palipozifaa sauti za wanafunzi. Tena nyimbo zilichapwa kwa herufi za kawaida, hivyo vitabu vikawa vya bei nafuu.

Wamisionari waliifikisha mbinu hiyo Afrika Kusini. Huko, mwaka 1897, Enoch Sontonga, mwalimu na kiongozi wa kwaya, alitunga "Nkosi Sikelel' iAfrika" na kuuandika kwa sol-fa. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, lahani hiyo ilibeba maneno ya Kiswahili: "Mungu Ibariki Afrika".

Hata hivyo, ngazi ya Curwen ina mipaka. Vidato vyake ni vya muziki wa Ulaya. Katika maqamu za Kiarabu zilizoilea taarabu ya Unguja mna sauti zinazoangukia kati ya kidato na kidato, nazo hazina herufi katika chati ile. Sikio lililolelewa na sol-fa pekee laweza kuzidhania kuwa makosa. Kinanda, ambacho sauti zake zimekwisha kupangwa, hakiwezi kulisahihisha sikio hilo, kwa kuwa nacho hakina sauti hizo. Anayeweza ni mwalimu aliyezisikia vyema, akaziimba mbele ya mwanafunzi, akamsikiliza akizirudia. Kazi hiyo haikuhitaji ustadi wa vidole wakati wa Glover, wala haiuhitaji leo.