Wimbo Unaoitikiwa: Vijana na Muziki Katika Mwambao wa Ziwa Tanganyika

Sisi tunaoishi Katonga tumezoea kusema kwamba vijana wa siku hizi wana shida ambazo sisi hatukuzijua. Kuna ukweli ndani yake. Lakini ukitazama historia ya mwambao huu wa Kigoma na Ujiji, utaona kwamba kwa zaidi ya miaka 150 umepokea vijana waliobebeshwa mizigo mizito kabla ya wakati wao, na kwamba karibu kila kizazi cha vijana hao kilishika wimbo kama mtu anayeshika kamba ya mtumbwi.

Mwaka 1858 Waingereza Richard Burton na John Speke walifika Ujiji, na baada ya miezi miwili wakapanda mitumbwi kuelekea Uvira. Burton aliandika kwa kuudhika juu ya kelele za wapiga makasia: mmoja akianzisha, wenzake wakiitikia, safari nzima. Yeye alisikia kelele. Mwenyeji angesikia kazi inavyogawanywa. Anayeanzisha hana nguvu ya kuvuta mtumbwi peke yake, na anayeitikia hawezi kuchoka kimyakimya, kwa sababu sauti yake ikikosekana mwenzake atajua. Mtindo huo wa kuanzisha na kuitikia ni wa zamani kuliko kanisa lolote katika mwambao huu, na ndio tulioukuta tulipoanza kuimba.

Wamisionari wa London walifika Ujiji mwaka 1878, na Mapadre Weupe waliotumwa na Kardinali Lavigerie wakafika Januari 1879. Walikuta mji wa biashara, na miongoni mwa bidhaa walikuwemo watoto. Mapadre wakaanza kuwakomboa wengine kwa kuwanunua, na kuwalea katika misheni za ziwani, kama Kibanga, Mpala na Karema. Huko Rumonge, upande wa Burundi ya leo, wamisionari watatu waliuawa mwezi Mei 1881 katika ugomvi uliotokana na mtoto wa namna hiyo.

Tuwafikirie watoto hao. Kijana wa miaka 12 au 13, ametolewa Manyema au mbali zaidi, hajui kama mama yake yu hai, na wenzake chumbani wanaongea lugha asiyoielewa. Katika misheni hizo sala na mafundisho yalishikwa kwa kukaririwa pamoja, na nyimbo ziliimbwa na wote. Mtoto asiye na neno la kusema aliweza kuitikia. Pengine kwa wengi wao hiyo ilikuwa mara ya kwanza, tangu watekwe, kwa sauti yao kusubiriwa na mtu.

Hata hivyo historia hii ina upande mwingine. Wamisionari wengi katika Afrika Mashariki waliikataa ngoma, wakiona ni mlango wa upagani. Vijana walifundishwa nyimbo za Kilatini, na nyimbo za Ulaya zilizotiwa maneno ya Kiswahili, huku ngoma iliyojua msiba na furaha ya kwao ikibaki nje ya mlango wa kanisa. Wimbo uliwapa mahali, lakini mahali hapo hawakuruhusiwa kuingia na kila kitu chao.

Mlango huo ulifunguliwa kwa sehemu na vijana wenyewe. Ng'ambo ya ziwa, ndani kabisa ya Katanga, Padre Guido Haazen alikusanya wavulana wa shule na walimu wao katika mji wa Kamina. Mwaka 1958 waliimba Misa Luba, maneno ya Kilatini yakibebwa na sauti na ngoma za Kongo, kisha wakaizungusha Ulaya. Hapa kwetu Padre Stephen Mbunga aliandika kuitetea nafasi ya muziki wa Kibantu katika ibada, na kitabu chake kilitoka mwaka 1963. Mwaka huohuo, tarehe 4 Desemba, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati juu ya liturujia ikiagiza kwamba muziki wa asili wa watu katika nchi za misioni upewe heshima na nafasi yake. Leo kijana anapopiga ngoma kanisani Jumapili, hadhani kwamba kuna aliyewahi kukatazwa.

Mzigo ukaja kwa sura nyingine. Mwaka 1972 mauaji ya Burundi yaliwavusha watu wengi hadi Tanzania, na wengi wakapelekwa kwenye makazi kama Ulyankulu, Tabora. Msituni huko, ambako barabara zilipewa namba badala ya majina, ilikulia kwaya ya Barabara ya 13, ambayo kaseti zake zilisikika Afrika Mashariki nzima. Mahali palipotambulika kwa namba tu pakajulikana kwa wimbo. Mwaka 1996 kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa kwa ajili ya wakimbizi kutoka Kongo. Mei 2015 makumi ya maelfu ya Warundi walikwama katika kijiji cha Kagunga, kipindupindu kikawaingilia, na meli yetu ya zamani, MV Liemba, ikawaleta Kigoma mkupuo kwa mkupuo. Wengi walikuwa watoto na vijana. Kambini, darasa linaweza kukosa madawati na kanisa likakosa kuta, lakini kwaya haingoji jengo.

Je, ni nini hasa wimbo unamfanyia kijana? Maandiko yanatuonyesha Daudi, kijana bado, akimpigia Sauli kinubi hadi roho yake itulie, na Paulo na Sila wakiimba gerezani usiku wa manane. Wataalamu nao wamepima. Mwaka 2013 watafiti wa Göteborg, Sweden, walifuatilia mapigo ya moyo ya vijana wa miaka 18 waliokuwa wakiimba pamoja. Waligundua kwamba waimbaji wanapovuta pumzi kwa kufuata wimbo mmoja, mioyo yao huelekea kuongeza na kupunguza kasi kwa pamoja. Kuimba kunamlazimisha mtu kutoa pumzi taratibu, na pumzi ya taratibu hutuliza mwili wenye hofu. Zaburi nazo zinatufundisha jambo ambalo wazazi hulisahau: karibu theluthi yake ni vilio na malalamiko. Kijana haimbi ili asahau. Anaimba ili aseme mbele ya Mungu na wenzake jambo ambalo peke yake asingeweza kulitamka.

Sasa turudi Katonga. Mvulana wa miaka 15 anatoka na taa usiku kuvua dagaa, asubuhi anasinzia darasani. Dada yake anaanika dagaa juani, huku akihesabu miezi iliyobaki kabla ya mtihani wa kidato cha nne. Wote wawili wanasikiliza bongo fleva kwenye simu, na hatuoni sababu ya kuiogopa. Mkoa wetu umetoa wasanii wengi, na mwaka 2012 baadhi yao waliungana kama Kigoma All Stars katika wimbo “Leka Dutigite”. Lakini simu hailijui jina la anayesikiliza. Haitambui kwamba leo hakuja. Kwaya inatambua. Juma la mbalamwezi, taa zinapopumzika na wavuvi wanakaa nchi kavu, ndilo juma ambalo mvulana yule anaweza kufika mazoezini. Ratiba ya kwaya ya vijana mwaloni ingefaa ifuate mwezi.

Na kuna jambo zito zaidi. Katika makanisa mengi, binti akipata mimba, hatua ya kwanza ni kumwondoa kwenye kwaya. Tangu Novemba 2021 serikali imewaruhusu mabinti wa namna hiyo kurudi shuleni baada ya kujifungua. Itakuwa ajabu mlango wa darasa uwe wazi na mlango wa kwaya ufungwe. Nidhamu ya Kanisa ina maana yake, na hatusemi ifutwe. Tunasema kwamba historia ya mwambao huu inaonyesha wimbo ukiwashika hasa wale waliopotelewa na mahali pao: aliyetekwa, mkimbizi, yatima. Wao hawakungoja wapone ndipo waimbe.

Kwa hiyo, ndugu walezi, walimu wa kwaya, viongozi wa VIWAWA na TYCS: kabla ya kuhesabu sare na mashindano, hesabuni sauti. Ipo iliyonyamaza tangu mwezi uliopita. Mfuateni mwenye sauti hiyo nyumbani kwao, mkamwambie kwamba mstari wake bado haujaimbwa na mtu mwingine.