Shilingi, Mpunga na Dhahabu: Deni la Taifa katika Ukanda wa Kahama na Geita, 1979–2017

Historia ya mazungumzo ya Tanzania na wakopeshaji wa kimataifa imezoeleka kusimuliwa kwa kufuata safari za mawaziri wa fedha, ilhali mambo yaliyobishaniwa katika safari hizo, yaani thamani ya shilingi, bei ya mazao, na nani aruhusiwe kununua nini kwa nani, yalikuwa mambo ya mashambani na machimboni. Ukanda unaoanzia Isaka, ukapita Kagongwa na Kahama hadi Bulyanhulu na Geita, unafaa kuisomea historia hiyo upya, kwa kuwa pamba, mpunga na dhahabu vyote hupatikana humo, na kila kimoja kiliguswa na masharti ya mikopo kwa wakati wake.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 hazina ya taifa ilikuwa imebanwa kutoka pande nyingi kwa mpigo. Bei nzuri ya kahawa ya miaka ya 1976 na 1977 ilikuwa imeporomoka, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977 na kuilazimu Tanzania kujijengea upya huduma zilizokuwa za pamoja, vita dhidi ya majeshi ya Idi Amin vilimeza fedha za kigeni katika miaka ya 1978 na 1979, na mafuta yakapanda bei kwa mara ya pili katika muongo mmoja. Waziri wa Fedha Edwin Mtei, aliyewahi kuwa gavana wa kwanza wa Benki Kuu, alijadiliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, lijulikanalo kama IMF, ambalo lilitaka shilingi ishushwe thamani, matumizi ya serikali yapunguzwe na udhibiti wa bei ulegezwe. Mwalimu Nyerere aliyakataa masharti hayo, Mtei akajiuzulu Desemba 1979, na katika salamu zake za mwaka mpya kwa mabalozi, Januari 1980, Rais alihoji ni lini shirika hilo lilipewa kazi ya kuwa wizara ya fedha ya dunia nzima.

Hoja hiyo ilikuwa nzito, na haifai kuchukuliwa kuwa ukaidi wa mtu mmoja. Ndani ya Chama cha Mapinduzi wengi waliamini kwamba kushusha thamani ya shilingi, yaani kukubali kwamba dola moja inunuliwe kwa shilingi nyingi zaidi, kungepandisha bei za bidhaa kutoka nje, kungewaumiza wafanyakazi wa mijini na kuyarudisha nyuma mafanikio ya shule na zahanati yaliyotokana na Azimio la Arusha. Lakini upande wa pili wa hesabu hiyo ulikuwa Usukumani, ambako haukuwa na msemaji wa kutosha. Pamba iliuzwa nje kwa dola, dola zikabadilishwa kwa kiwango rasmi kilichokuwa chini mno kikilinganishwa na cha magendo, na mkulima akalipwa masalio baada ya Mamlaka ya Pamba kukata gharama zake. Vyama vikuu vya ushirika, ambavyo katika miaka ya 1950 viliunganishwa chini ya shirikisho la Victoria na kuwa sauti ya wakulima wa pamba, vilikuwa vimefutwa na serikali mwaka 1976. Hivyo katika miaka ambayo bei ya jasho lake ilijadiliwa kwa ukali kuliko wakati wowote, mkulima wa Shinyanga hakuwa na chombo chake cha kumsemea.

Jibu lake lilikuwa la vitendo. Fedha alizolipwa kwa pamba hazikumpatia sabuni, sukari wala khanga, kwa kuwa maduka yalikuwa matupu, na wakulima wengi wakaelekeza nguvu kwenye majaruba ya mpunga, zao ambalo familia ingeweza kula na ambalo walanguzi walilinunua kwa bei nzuri kuliko Shirika la Usagishaji la Taifa, NMC, lililokuwa mnunuzi pekee halali wa nafaka. Kusafirisha magunia bila kibali lilikuwa kosa, na vizuizi vya barabarani vilikuwepo kulisimamia hilo, hadi mwaka 1984 serikali iliporuhusu mtu kusafirisha hadi kilo 500, na mwaka 1987 ilipoondoa kikomo hicho kabisa. Mashine za kukoboa mpunga ambazo zimeifanya Kagongwa ijulikane kwa mchele zinategemea uhuru huo.

Mabadiliko ya 1984, chini ya Waziri wa Fedha Cleopa Msuya, yalitangulia mkataba wenyewe na IMF: ruzuku ya sembe iliondolewa, na wenye fedha zao nje wakaruhusiwa kuagiza bidhaa. Nchi za Skandinavia, marafiki wakubwa wa Tanzania, nazo zilikuwa zimeanza kuishauri ielewane na IMF. Nyerere aling'atuka Novemba 1985, na serikali ya Ali Hassan Mwinyi ikautia saini mkataba huo mwaka 1986. Shilingi, iliyokuwa ikibadilishwa kwa takriban 17 kwa dola, ilipita 50 kabla ya mwaka huo kwisha. Uzalishaji wa pamba ulipanda kiasi kwamba viwanda vya kuchambua na magari ya kusomba vilizidiwa. Kwa mkulima, makubaliano yalileta nafuu ya kweli, ingawa uchangiaji wa gharama za shule na matibabu uliofuata uliirudisha sehemu ya nafuu hiyo mikononi mwa serikali.

Dhahabu ilikuwa na mkondo tofauti. Mwanzoni wachimbaji wadogo nao walinufaika, kwa kuwa katika miaka ya 1990 benki zilianza kununua dhahabu yao kwa bei iliyokaribia ya soko. Agosti 1996, hata hivyo, maelfu yao waliondolewa katika maduara, yaani mashimo ya uchimbaji, ya Bulyanhulu ili kuipisha kampuni yenye asili ya Kanada, na madai kwamba wapo waliofukiwa humo yamebishaniwa tangu wakati huo. Sheria ya Madini ya 1998, iliyotungwa wakati Benki ya Dunia ikifadhili mageuzi ya sekta hiyo, iliweka mrabaha, yaani malipo anayopewa mwenye mali kwa dhahabu inayochimbwa, wa asilimia 3 tu, na wakala wa Benki hiyo hiyo ukautolea mgodi wa Bulyanhulu dhamana dhidi ya hatari za kisiasa. Mgodi wa Geita ulianza mwaka 2000 na Bulyanhulu mwaka 2001, mwaka ambao Tanzania ilihitimu mpango wa msamaha wa madeni kwa nchi maskini. Ada ya shule za msingi ikafutwa, jambo jema lisilopingika. Ila tofauti na miaka ya 1979 hadi 1986, masharti ya dhahabu yalipita bila mvutano mkubwa ndani ya chama wala bungeni, na hapo ndipo palipokuwa na kosa zito kuliko yote.

Mvutano ulikuja kwa kuchelewa. Mwaka 2007 mkataba wa mgodi wa Buzwagi, ulio jirani na mji wa Kahama, ulibainika kuwa ulitiwa saini London, na mbunge Zitto Kabwe akasimamishwa kwa kulihoji jambo hilo. Kamati ya Jaji Mark Bomani iliundwa kuipitia sekta ya madini, na sheria ya 2010 ikapandisha mrabaha wa dhahabu hadi asilimia 4. Sheria za 2017 ziliufikisha asilimia 6, zikaipa serikali hisa zisizopungua asilimia 16 katika migodi mikubwa, na zikalipa Bunge mamlaka ya kuitaka serikali ijadiliane upya na wawekezaji pale mkataba unapokuwa na masharti hasi.