Kifua cha Jezi Kina Bei

Mwaka 1957, Walter O'Malley, mwenye timu ya besiboli ya Brooklyn Dodgers, alimwandikia barua mwalimu wa chuo kikuu aitwaye James Mason. Alichotaka kujua ni hiki: mtu wa kuendesha uwanja na biashara ya timu anapatikana chuo gani? Hakikuwepo. Kozi ya kwanza ya usimamizi wa michezo ilifunguliwa miaka tisa baadaye, 1966, pale Ohio University. Ile digrii ambayo rafiki yako wa kampo anaisomea leo, akiota kusaini wadhamini na kupiga picha na wachezaji, ukoo wake unaanzia hapo.

Ila angalia ni nani alikuwa anauliza. Ni mwenye timu. Tayari alikuwa na tiketi za kuuza na mashabiki wa kuwauzia. Alichokosa ni muuzaji. Sisi tuliingilia mlango mwingine kabisa.

Huku Kenya, zamani za wazee wetu, kampuni haikudhamini timu. Kampuni ndiyo ilikuwa timu. Kenya Breweries ilichukua ligi 1972, 1977 na 1978. Benki ilikuwa na timu, bandari ilikuwa na timu, viwanda vya sukari vya Chemelil na Mumias vilikuwa na timu. Ukijua mpira ulipewa kazi: Jumamosi uko uwanjani, Jumatatu uko stoo ukihesabu magunia. Mshahara ulikuja mwisho wa mwezi, mshinde msishinde. Wazee wanaoililia enzi hiyo wana haki yao. Lakini katika mpangilio huo hakuna aliyelazimika kujifunza kuuza chochote. Kiwanda cha nguo cha Rivatex, kule Eldoret, kilipofilisika, klabu yake ilizama nacho.

Upande wa pili walikuwa Gor Mahia na AFC Leopards, klabu za watu. Hizi ziliishi kwa pesa za mlangoni siku ya mechi, na harambee mambo yakikaza. Gor ilileta Kombe la Washindi barani Afrika 1987. Jina lake mtaani likawa kubwa kuliko la kampuni nyingi za mjini, lakini jina kubwa si sawa na jina lenye bei. Hadi leo, yule jamaa anayetandaza jezi feki nje ya Nyayo huenda anajua saizi za mashabiki kuliko ofisi ya klabu. (Simdharau. Huo ni utafiti wa soko, tena wa kila wikendi.)

Kampuni ya ligi, KPL, iliundwa 2003, na 2007 SuperSport ikaleta kamera. Hapo ndipo kazi yenyewe ilizaliwa kwetu. Mechi ikionyeshwa kwenye runinga, kifua cha jezi kinageuka kuwa bango. Mtu wa kampuni anaanza kuuliza: nembo yangu itaonekana dakika ngapi? Wataiona watu wangapi? Nikilipa, nitapewa mabango mangapi, na wachezaji watakuja dukani kwangu lini? Lazima awepo wa kumjibu, na jibu liwe limeandikwa. Tusker ikaipa ligi jina lake 2012. Mwaka 2015 ikaja SportPesa.

Zile zilikuwa siku tamu, tusidanganyane. Mwaka 2017 jina la SportPesa lilikaa kifuani mwa Everton, na Julai hiyo Everton wakaja Dar es Salaam kucheza na Gor, Wayne Rooney akafunga. Novemba 2018 Gor wakaenda Goodison Park wakachapwa nne bila. Julai 2019 Kariobangi Sharks wakawatoa Everton hao hao kwa penalti, Kasarani.

Lakini katikati ya raha hiyo, Januari 2018, kodi ya kamari ilipanda hadi asilimia 35, na SportPesa ikatangaza kuwa inaondoa udhamini wake wote wa michezo nchini. Ikarudi baadaye mwaka huo. Mwaka 2019, baada ya kuvutana na serikali juu ya leseni na kodi, ikafunga biashara yake hapa na udhamini ukakatika. Mishahara ya wachezaji, basi la timu, kibarua cha kijana anayeandika mitandaoni kwa niaba ya klabu: vyote vilikuwa vimening'inia kwenye msumari mmoja.

Everton nao waliachana na SportPesa mwaka 2020. Haikupita miezi mingi, kifua chao kikachukuliwa na Cazoo, wauza magari. Gor na Leopards wakapata Betsafe: kamari tena. Ligi ikapata BetKing, mkataba wa miaka mitano wa shilingi bilioni 1.2: kamari tena, na ukavunjika baada ya msimu mmoja.

Kwa nini mwaka huo wao walipata muuza magari, sisi kamari? Everton ina wenye tiketi za msimu mzima. Inajua nani anakaa kiti kipi. Muuza magari anaonyeshwa wateja. Sisi tunamwonyesha picha ya umati. Na umati usio na majina unamfaa mtu wa kamari kuliko mwingine yeyote, kwa sababu yeye namba zao za simu anazo tayari.

Ukimaliza kampo utaambiwa upeleke sivi kwa kampuni, maana huko ndiko kuna mshahara. Ni kweli, na kodi ya nyumba haingoji ligi. Ila kiti alichokuwa akikitafutia mtu O'Malley kiko upande wa pili wa meza, ndani ya klabu, na kwetu mara nyingi hakina mtu: wa kuandikisha mashabiki kwa majina, wa kuuza tiketi kabla ya siku ya mechi, wa kuingia kwa muuza maziwa au muuza simu akiwa na orodha mkononi badala ya picha. AFCON ya 2027 itachezwa Kenya, Uganda na Tanzania. Udhamini wa mashindano hayo huuzwa na CAF. Jezi ya Gor itauzwa na Gor, au na yule jamaa wa nje ya Nyayo.