Mbuzi wa Maziwa: Upandishaji wa Kundi Dogo katika Tanga na Mwambao wa Kaskazini

Upandishaji wa mbuzi wa maziwa ni taratibu ya kumkutanisha jike na beberu aliyechaguliwa, kwa wakati uliokusudiwa, ili jike ashike mimba, maziwa yake yarejee, na watoto watakaozaliwa wawe bora kuliko mama zao. Katika mkoa wa Tanga, ambamo mfugaji wa Pongwe, wa Mwambani au wa pembezoni mwa Muheza aghalabu huwa na majike wawili, watatu au wanne katika uwanja wa nyumba na kipande cha shamba chini ya minazi, shida ya kazi hii haiko katika tendo lenyewe, ambalo mbuzi hawahitaji mwalimu wa kuwafunza, bali iko katika kumpata beberu asiye na ujamaa wa damu na majike hao, kwa siku chache anazohitajiwa, bila ya kulazimika kumlisha siku zote zilizosalia za mwaka.

Tanga imejulikana zaidi kwa ng'ombe wa maziwa, hasa tangu miradi ya miaka ya 1980 iliyosaidiwa na Uholanzi, na baadaye chama kikuu cha ushirika wa wafugaji kilichoundwa mwaka 1993, na kiwanda cha Tanga Fresh. Mbuzi amekuja nyuma, kwa ajili ya wale ambao ardhi yao haimtoshi ng'ombe. Mbuzi wa asili wa pwani, mdogo wa umbo na mstahimilivu wa maradhi, maziwa yake humtosha mtoto wake na kusalia kidogo cha kutia katika chai. Kwa hiyo ilitafutwa damu ya kigeni: Saanen na Toggenburg wa Uswisi, Anglo-Nubian, ambaye Waingereza walimpata kwa kuchanganya mbuzi wao na mabeberu wa Mashariki na wa Bara Hindi, na mbuzi wa Norway, walioletwa katika miaka ya 1980 na kuenezwa na Chuo Kikuu cha Sokoine huko Mgeta, katika milima ya Uluguru. Lakini kinachofaa Mgeta au Lushoto, penye ubaridi, hakifai moja kwa moja Tanga mjini, penye joto na unyevu. Na rai ya mwandishi huyu ni kwamba katika mwambao damu ya kigeni ikae baina ya nusu na robo tatu, na kwamba masikio marefu ya Anglo-Nubian, mwenye asili ya nchi za joto, yatazamwe kwa hisani kuliko weupe wa Saanen, ambaye ngozi yake huumizwa na jua.

Hesabu ya beberu ni nyepesi. Jike asiye na mimba huingia katika joto takriban kila siku 21, joto hilo hudumu saa 24 hadi 36, na mimba huchukua siku 150 au karibu yake. Mwenye majike wanne, hata kama kila mmoja atapandishwa mara mbili ndipo ashike mimba, atamhitaji beberu siku nane tu katika mwaka mzima, ilhali beberu mmoja aliyekomaa na kulishwa vizuri huwatosha majike 25 hadi 30. Kwa siku hizo nane mfugaji atakuwa amemkatia majani tembo na matawi ya lukina mwaka mzima, amemjengea chumba cha peke yake chenye boriti za nguvu, na amevumilia harufu yake, ambayo huingia upesi katika maziwa. Anayelazimika kumweka nyumbani na amjengee upande wa magharibi wa banda la majike, kwa kuwa kaskazi huipeleka harufu kusini-magharibi na kusi huipeleka kaskazini-magharibi. Unaobaki ni upepo wa umande utokao bara alfajiri, nao ni hafifu, lakini kwa kuwa ndiyo saa ya kukama, chombo cha maziwa kisiachwe wazi.

Kwa sababu hizo, mwenye kundi dogo hana haja ya kumiliki beberu peke yake. Amiliki fungu katika beberu. Hapa pana suala la sheria ambalo maofisa wa mifugo aghalabu hulipita bila kuliona, na ambalo mwenyeji wa pwani hawezi kulipita. Imethibiti katika Hadithi, katika mkusanyo wa Bukhari, kukatazwa kwa ujira wa dume. Na katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya Waislamu walio wengi wa mwambao huu, kauli yenye nguvu ni kwamba kumkodisha beberu kwa ajili ya kupanda ni mkataba usiosihi, kwa kuwa kinachouzwa hakijulikani kiasi chake wala hakina dhamana ya kupatikana. Lakini kumwazima dume kwa ariya, yaani bila ya ujira, kunaruhusiwa na kunasifiwa, na mwenye jike akitoa hadiya kwa hiari yake bila sharti, hakuna ubaya. Mpango wa kutoza fedha kwa kila jike apandishwaye, unaofaa kwingine, huwatia wengi katika karaha, na matokeo yake ni kwamba jike huachwa apandwe na beberu yeyote azururaye njiani. Ulio salama ni ubia: nyumba kumi au kumi na mbili zinamnunua beberu kwa mafungu, kila nyumba inatoa mchango wake wa mwezi kwa ajili ya chakula na dawa, ipandishe au isipandishe, na mtunzaji analipwa ujira wa kulisha na kusafisha, si ujira wa kupandisha.

Ubia huu una ukomo wa wakati ambao hauna budi kuheshimiwa. Mabinti wa kwanza wa beberu huzaliwa miezi mitano baada ya kufika kwake, na wakilishwa vema huwa tayari kupandishwa wakiwa na miezi kumi hadi kumi na miwili. Maana yake ni kwamba mwezi wa kumi na tano tangu afike, beberu amezungukwa na wanawe. Mtoto wa baba na binti ana hisabu ya robo nzima ya urithi uliojirudia, na wa ndugu wa baba mmoja ana nusu ya robo hiyo. Athari zake ni udogo wa watoto, vifo vya mapema, utasa na kupungua kwa maziwa, mambo ambayo mfugaji husingizia majani. Katika Meru ya Kenya, ambako shirika la FARM-Africa lilianzisha kazi ya Toggenburg mwaka 1996, mabeberu waliwekwa katika vituo vya vijiji na kuhamishwa baina ya vikundi kabla mabinti zao hawajakomaa. Na hakuna kinachozuia ubia wa Pongwe, wa Mwambani na wa Amboni kufanya vivyo hivyo, kila beberu akihamia ubia wa pili kwa mzunguko mmoja usiobadilika, wala asirudi nyuma. Linalotakiwa ni daftari. Kila mtoto aandikwe siku aliyozaliwa, jina au nambari ya mama na ya baba, na maziwa ya mama kwa siku. Kwa maana beberu bila daftari, hata awe wa nasaba tukufu, baada ya miaka minne huwa ndiye chanzo cha hasara. Uhimilishaji kwa chupa ungeondoa mashaka haya yote, lakini kazi ya kituo cha taifa cha Usa River, Arusha, imekuwa zaidi ya ng'ombe.

Katika kuchagua beberu, atazamwe mama yake kabla ya yeye mwenyewe, kiwele chake na miezi aliyokamwa. Kisha atazamwe pembe. Wengi hupenda mbuzi asiye na pembe kwa kuzaliwa, naye ni mwema, ila wazazi wote wawili wakiwa hawana pembe, robo ya watoto wao wa kike, au zaidi, huzaliwa huntha, wasiofaa mimba wala maziwa. Kwa hiyo jike asiye na pembe apelekwe kwa beberu mwenye pembe. Beberu wa ubia apimwe damu kwa ajili ya ugonjwa wa kutupa mimba kabla ya kuingia zamu, na jike aliyetupa mimba asipelekwe kwake mpaka sababu ijulikane.

Wakati wa kupandisha pwani huamriwa na mvua kuliko na mbuzi, ambao katika nchi zetu huingia joto mwaka mzima. Mimba ya Oktoba au Novemba huzaliwa katika masika ya Machi hadi Mei, majani yakiwa tele na maziwa mengi. Lakini sakafu ni tope, minyoo imeshamiri na watoto hufa kwa vichomi. Bora zaidi ni kuwagawa majike mafungu mawili: fungu moja lipandishwe Januari, lizae Juni, katika kipupwe, mvua zikiwa zimepungua na majani bado mabichi, fungu la pili lipandishwe Julai, lizae Desemba, vuli ikielekea kwisha. Kwa njia hii, kila jike akikaushwa miezi miwili kabla ya kuzaa, nyumba haikosi maziwa kabisa, ingawa kiangazi cha Februari kitahitaji machicha ya nazi, pumba na majani yaliyokaushwa.

Jike afugwaye mbali na beberu huficha joto lake. Dalili ni kulia, kutikisa mkia upesi upesi, uke kuvimba na kuwa mwekundu, na kupungukiwa na hamu ya kula. Ikiwa hazionekani, kitambaa kisuguliwe nyuma ya pembe za beberu, kihifadhiwe katika chupa yenye kifuniko, kisha jike anusishwe kila asubuhi. Dalili zikitokea asubuhi, apelekwe jioni, na mara ya pili kesho yake. Siku ya ishirini na moja atazamwe tena.

Watoto wa kiume watengwe na mama na dada zao wakifika miezi mitatu, kwa kuwa wa miezi minne aweza kupandisha. Asiyeandikwa kuwa mbegu ahasiwe. Kumngojea nyumbani mpaka Idi ya kuchinja si faida kwa mwenye ardhi finyu, kwani kwa madhehebu ya Shafii mbuzi wa udhiya, na wa akika pia, sharti awe ametimiza miaka miwili, na chakula cha miaka miwili ya maksai mmoja kingemlisha jike akamwe mara mbili. Mapema iwezekanavyo auziwe mwenye malisho ya wazi, Handeni au Kilindi, ambako majani hayanunuliwi.